Wimbo Huhifadhiwa Kinywani

Yako mawazo yaliyoenea miongoni mwa walimu kwamba urithi wa taifa ni nyimbo za kale peke yake, na kwamba nyimbo zinazovuma redioni hazistahili kuingia darasani. Sisi hatuyakubali mawazo hayo, nasi twapenda wanachuo wautazame mfano wa Uswidi.

Mjini Stockholm yako makumbusho yaitwayo Skansen, yaliyoanzishwa na Artur Hazelius mwaka 1891. Humo zimehamishiwa nyumba za zamani kutoka pande nyingi za nchi ili zisipotee. Nyumba yaweza kutunzwa kwa kufungwa kwa ufunguo, wimbo hauwezi. Mwaka 1935 Sven Lilja alianza kuwaongoza watu kuimba pamoja papo hapo, na desturi hiyo ingali hai. Tangu 1979 huonyeshwa katika televisheni wakati wa kiangazi. Linalotuvutia zaidi ni uteuzi wa nyimbo. Tungo za Evert Taube, aliyefariki mwaka 1976, huimbwa jioni moja na nyimbo zilizotoka juzi, na bibi na mjukuu hufuata maneno katika kijitabu kimoja.

Watakuwapo wa kusema kwamba muziki wa biashara huua ule wa asili. Hutokea, hatukatai. Lakini mtazameni Carl Michael Bellman, mshairi wa karne ya 18. Nyimbo zake zilijaa walevi na vilabu vya pombe, nasi twashuku kama mwalimu wa zama zile angethubutu kuzileta mbele ya watoto. Leo ni fahari ya Waswidi. Na mmoja wa waliozirudisha midomoni mwa vijana, kwa santuri ya mwaka 1971, alikuwa Cornelis Vreeswijk, mzaliwa wa Uholanzi!

Shuleni nako, masomo ya mwaka yamalizikapo mwezi Juni, watoto wengi huimba wimbo wa kanisa wa kuyasifu majira ya maua, uliomo katika kitabu cha 1695. Wanaujua kwa kuwa huuimba kila mwaka pamoja na wenzao, wala si kwa kuunakili ubaoni.

Kwa hiyo, mwalimu asianze na historia ya wimbo. Awaache watoto waimbe kwanza ule wa redioni waupendao, asikilize sauti zao zinafika wapi, kisha awape wa wazee wenye mwendo unaokaribiana nao. Baada ya juma moja awaombe wauimbe bila daftari. Ubeti wa pili ndio utakaomwonyesha kama wimbo umeshika.