Kabla ya Kupokea Mahari, Tuulizane Habari ya Viza



Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Tanga alibaki safuni hata watu walipokwisha kutawanyika. Binti yake tulimwozesha sisi wenyewe, kwa kijana wa wazazi wenyeji wa hapa ambaye amezaliwa Uingereza na ni raia wa huko. Mwezi mmoja baada ya harusi, binti alimfuata mumewe kwa viza ya matembezi. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na muda wake wa kukaa ulikuwa umebakia wiki tatu. Mzee akatuomba barua yenye muhuri wa msikiti, iseme kwamba binti yuko huko akimuuguza mama mkwe, ili viza iongezwe.

Tulimkatalia, na haikuwa rahisi, kwa kuwa kiwanja cha madrasa yetu ni sadaka yake. Lakini barua ya uongo ni ushahidi wa uongo, hata ikiandikwa kwa huruma. Na zaidi ya hayo, isingemfaa kitu.

Sheria ya Uingereza humruhusu mgeni wa matembezi kukaa miezi sita kwa kila safari, hata kama viza yenyewe ni ya miaka kadhaa. Aliyepewa muda mfupi zaidi anaweza kuomba aongezewe mpaka itimie miezi sita. Kupita hapo ni kwa sababu chache, kama vile matibabu ambayo mgonjwa anaweza kuyalipia. Ujauzito wa kawaida si miongoni mwazo, wala kuwa mke wa raia. Kanuni ya kawaida pia haimruhusu mgeni wa matembezi kuigeuza ruhusa yake kuwa ya mke akiwa humo humo. Wapo wanaoomba kubaki kwa hoja ya haki ya maisha ya familia, lakini mlango huo ni mwembamba, na haufai kujaribiwa bila wakili wa mambo ya uhamiaji. Kwa sheria ya huko, hata kufanya kazi ya kutoa ushauri wa uhamiaji ni kosa kwa asiye na kibali cha kazi hiyo, basi tusiwategemee jamaa wanaosema tu, "Fulani alifanya hivi akafanikiwa."

Mzee akauliza, "Na mtoto akizaliwa huko, si atamfungulia mama yake njia?" Tukamjibu kwamba uraia wa mtoto haumpi mama ruhusa ya kukaa papo hapo. Na mtoto wa ndoa ambaye baba yake amezaliwa Uingereza naye ni raia, huwa raia hata akizaliwa Tanga. Hakukuwa na sababu ya kukimbilia uzazi wa ugenini.

Tena uzazi huo una gharama. Hospitali za serikali huko hazimnyimi mjamzito huduma, lakini mgeni wa matembezi hudaiwa baadaye, na kiwango chake ni mara moja na nusu ya gharama. Deni la paundi 500 au zaidi lisipolipwa, laweza kuwa sababu ya kukataliwa ombi la viza lijalo. Hivyo aliyetaka kubaki na mumewe hujikuta ameufunga mlango kwa mkono wake.

Binti alirejea kabla muda wake haujaisha, akiwa bado anaruhusiwa kusafiri. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari baada ya wiki 28, na baada ya wiki 36 hayamchukui mjamzito. Alijifungua salama, alhamdulillah. Adhana katika sikio la mtoto ilisomwa na babu yake, na baba alisikiliza kwa simu. Hatuandiki haya kwa furaha. Mume alipaswa kuwapo.

Lawama ya kwanza ni yetu kamati. Siku ya kuandika ndoa tuliuliza habari za walii, mashahidi na mahari. Hatukuuliza bibi harusi ataishi wapi na kwa ruhusa gani. Binti alipojaza fomu ya viza aliahidi kwamba atarudi, na wazee wote tulijua kwamba nia ni abaki. Tulimwachia mtoto wetu abebe ahadi ambayo sisi hatukukusudia itimizwe.

Sasa ombi la viza ya mke linaandaliwa kutoka hapa nyumbani, kama ilivyopasa tangu mwanzo. Linahitaji cheti cha ndoa iliyosajiliwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mtihani wa Kiingereza cha kuanzia, kipimo cha kifua kikuu kwa waombaji wanaotoka Tanzania, na uthibitisho wa kipato, ambacho tangu Aprili 2024 ni paundi 29,000 kwa mwaka kwa waombaji wengi. Kijana sasa anafanya kazi mbili ili akifikie. Laiti angeulizwa mapema, angekianza kipato hicho kabla ya posa.

Basi tunawaomba wazazi: mkijiwa na mposaji wa ng'ambo, muulizeni kuhusu makaratasi kama mnavyomuuliza kuhusu dini na tabia. Nyumba ya mke ni wajibu wa mume, na ruhusa ya kuishi ndani yake ni sehemu ya nyumba hiyo. Nasi katika fomu yetu ya ndoa tumeongeza mstari mmoja: "Wataishi nchi gani, na kwa ruhusa ipi?" Mzee yule ndiye aliyetuomba tuuandike kwa herufi kubwa.

Wabillahi tawfiq.