Riwaya Ambayo Hola Inatudai

Januari ni mwezi wa waandishi kutangaza. Mmoja atasema mwaka huu anatoa riwaya mbili, mwingine kwamba mswada wake umeshafika kwa mchapishaji, wa tatu kwamba ameanza kitabu kipya tangu Krismasi na atakimaliza kabla ya masika. Tunafurahi nao na tunawaombea heri. Lakini toleo hili ni la riwaya ya kihistoria, na limehaririwa hapa Hewani, jirani na Garsen, msimu wa maembe. Mtu akikaa ukingo huu wa Tana akasoma miswada inayosimulia yaliyopita hapa, hujikuta akitaka kumuuliza mwandishi habari za namna nyingine. Umekaa na nani? Umesoma karatasi gani, na aliyeziandika alikuwa akimtumikia nani? Kitabu hiki umekipa miaka mingapi?

Mwaka huu tunauanza bila Ngũgĩ wa Thiong'o. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Tarehe 5 ya mwezi huu angetimiza miaka 88. Kwake yeye mwaka mpya uliwahi kuja na habari nzito kuliko hizi zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 polisi walifika nyumbani kwake Limuru wakamchukua, na mwaka 1978 ukamkuta gereza la Kamiti, kizuizini, bila kufunguliwa mashtaka. Akakaa humo hadi Desemba. Aliyoyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni yalitoka kuwa riwaya ya Kikuyu mwaka 1980, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kiswahili ikiitwa Shetani Msalabani. Habari ya mwandishi ndiyo hiyo: amenyang'anywa kila kitu isipokuwa kazi yake, na kazi inaendelea.

Ila kitabu chake kinachotugusa sisi wa Tana ni cha nyuma zaidi. A Grain of Wheat ilichapishwa 1967, akiwa ameiandika alipokuwa akisoma Leeds, Uingereza. Matukio yake yanazunguka siku chache za kuelekea Uhuru, 12 Desemba 1963, lakini mizizi yake imo katika miaka ya Hali ya Hatari. Mengi aliyatoa nyumbani kwao. Ngũgĩ alikuwa na ndugu wa baba mmoja aliyekuwa kiziwi. Askari walimwamuru asimame, hakusikia, wakampiga risasi. Katika riwaya yumo Gitogo, kiziwi, naye anauawa vivyo hivyo. Humo humo imo kambi iitwayo Rira, ambako wafungwa kumi na mmoja wanakufa kwa kipigo. Msomaji yeyote wa kaunti hii akifika ukurasa huo anajua yuko wapi. Rira ni Hola.

Hola yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe 3 Machi 1959 kundi la mahabusu wa Mau Mau waliokuwa wakikataa kazi ya kulazimishwa lilitolewa kambini likapelekwa kwenye mitaro ya umwagiliaji, kwa mpango uliokwisha kuandikwa na kupewa jina la afisa wa magereza aliyeutunga, Cowan. Walinzi wakawapiga kwa marungu. Watu 11 wakafa, wengine wengi wakaumizwa vibaya. Serikali ya koloni ikatoa taarifa kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Soma tena taarifa hiyo polepole. Watu wamevunjwa mifupa, na lawama inabebeshwa maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo, na kufikia Julai Bunge la Uingereza lilikuwa likilijadili jambo hilo usiku wa manane.

Nalirudia tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linalosema kwa nini riwaya ya kihistoria inahitajika hapa kuliko mahali pengi. Huwa tunaambiwa kwamba mwanahistoria anashika ushahidi na mwandishi wa riwaya anabuni. Hola aliyebuni alikuwa serikali, kwa karatasi rasmi. Na karatasi nyingine zilifichwa kabisa: ni mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki Uingereza mjini London, ndipo ilipokiriwa kwamba majalada ya ukoloni yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, mbali na macho ya watafiti. Mmoja wa walioshtaki, Mzee Wambugu wa Nyingi, alipigwa siku ile ya Hola hadi akapoteza fahamu, akalazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa karibu pauni milioni 20 kwa Wakenya 5,228. Kwa zaidi ya miaka arobaini, basi, msomaji wa A Grain of Wheat alikuwa karibu na ukweli kuliko msomaji wa taarifa ile ya serikali.

Ngũgĩ alitufanyia hisani kubwa na hatumdai zaidi. Lakini Rira yake ni ya wafungwa na mabwana waliowatesa. Watu wa kingo za Tana hawamo. Malori yalipoanza kushusha wageni waliofungwa pingu katika nchi ya Wapokomo, Waorma na Wawardei, wenyeji walisema nini? Nani alisikia yowe la asubuhi ile? Wazee wa gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, walilizungumzaje walipoketi? Maswali haya hayana jalada London. Majibu yake yamo katika vinywa vya watu waliokuwa watoto mwaka 1959, na mtoto wa miaka kumi wa wakati huo leo ana miaka 77. Riwaya ya Hola inayosimuliwa kutoka ukingoni bado hatujaiona mezani petu, nasi tunaidai.

Hapa niseme wazi msimamo wa jarida hili kwa mwaka unaoanza. Mwandishi atakayetuletea hadithi ya kale ya Tana tutamtaka aujue mto kwanza.

Mmoja wa miswada iliyotufikia ulifungua kwa ngurumo za radi: mvua inapiga delta usiku kucha, na kabla hakujacha Tana imefurika. Mwandishi ana kalamu nzuri, na mandhari ile ingempendeza msomaji wa Nairobi. Mtu wa Hewani angekifunga kitabu. Mafuriko ya huku hayaagizwi na mvua ya huku. Yanatoka Nyandarua na Mlima Kenya, yanateremka kwa siku nyingi, na unaweza kuamka ukakuta maji yamepanda shambani huku jua linawaka na angani hakuna wingu. Mkulima wa mpunga anaishi kwa hesabu hiyo: anatazama rangi ya maji, anasikiliza habari za watu wa juu, ndipo anaamua lini apande na lini ahamishe vyombo. Mswada mwingine uliipeleka Hola baharini, na minazi na upepo wa kusi. Hola iko bara, nchi kame, na mwezi wa Machi kabla mvua hazijaanza joto lake linachoma miguu. Mtu aliyelazimishwa kuchimba mtaro siku ile alichimba katika joto hilo, na asiyelijua hawezi kuniandikia kiu yake.

Tena mto wa 1959 si huu wa leo. Haukuwa na bwawa hata moja la Seven Forks. Kindaruma lilikamilika 1968, Masinga 1981, na tangu hapo mafuriko ya kawaida yaliyokuwa yakirutubisha mashamba yamekuwa yakitegemea pia uamuzi wa watu waliokaa kwenye mitambo. Anayeandika familia ya Kipokomo kati ya kambi ya Hola na Uhuru hana ruhusa ya kuyaruka mafuriko makubwa ya 1961. Na anayeandika juu ya wafungwa wenyewe ana jambo mbele yake ambalo mimi ningelipa sura nzima: watu wale wengi wao walitoka nchi za chini ya Nyandarua na Mlima Kenya. Walibebwa hadi Hola kuchimba njia za maji yaliyokuwa yamepita karibu na makwao. Kijana wa Murang'a alipoinama kunywa Tana, alikunywa mvua ya nyumbani.

Hola sio peke yake. Kuna Golbanti, ambako mmisionari Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886 pamoja na wenyeji. Kuna Witu na vita vya 1890. Kuna Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo hadi leo imo katika hifadhi ya British Museum, London. Kuna na mambo ya juzi ambayo tayari yanataka mwandishi: tuta la mradi wa mpunga wa TARDA ambalo maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalilibomoa, na watu waliokuwa wamepangia maisha yao tuta hilo.

Wapo watakaosema basi kazi hii tuwaachie wazaliwa wa hapa, mambo yatanyooka. Sikubaliani nao, na sababu yangu inauma kuitaja. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, wakiwemo wanawake na watoto. Chanzo kilikuwa ardhi na maji na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia, lakini kila upande ulikuwa na historia yake mdomoni. Mkulima alisimulia jinsi babu yake alivyolima ukingo ule tangu zamani. Mfugaji alisimulia malka, njia ambazo ng'ombe wa babu yake walishukia mtoni tangu zamani hizo hizo. Wote wawili walikuwa na babu wa kweli. Nimesoma miswada ya vijana wetu hodari ambamo upande wa pili hauna mama, hauna kiu, hauna mzee mwenye busara. Una mikuki tu. Miswada hiyo tumeirudisha, na tutaendelea kuirudisha. Mwandishi Mpokomo anayetaka kuandika mwaka 1886 au 1959 au 2012 avuke akakae na mzee wa Kiorma mpaka chai ya pili, na mwandishi Muorma aje aketi chini ya miembe yetu hapa. Akikuta masimulizi yanapingana, ayaandike yote mawili. Riwaya ina nafasi ya kuwaweka watu wawili wasiokubaliana katika sura moja bila kumnyima mmoja wao utu, na taarifa ya polisi haina nafasi hiyo.

Kazi ya namna hii haimalizwi kati ya Krismasi na masika. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, akihifadhi humo maisha ya watu wake ya kabla ya ukoloni: ndoa, uzazi, tiba, kilimo, uvuvi, matanga. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka 1980 Dar es Salaam. Alifariki 1981 kabla hajashika nakala mkononi. Yeyote anayefanya kazi ya uchapishaji Afrika Mashariki anapaswa kuona uchungu akiisikia habari hiyo, nami nauona kila ninapofungua kitabu kile na kukuta ukurasa mzima wa jambo ambalo bila yeye lingekuwa limepotea. Ngũgĩ naye, karibu miaka 20 baada ya A Grain of Wheat kutoka, aliirudia akaisahihisha, kwa kuwa alitaka mawazo ya wakulima ndani yake yaoane na historia yenyewe ilivyokuwa. Alikuwa ameshapata jina duniani kote, hakuna aliyemlazimisha.

Kwa hiyo mwaka huu hatutaweka tarehe ya mwisho kwa miswada ya riwaya ya kihistoria. Anayefanyia kazi Hola, au Golbanti, au Ngadji, atuandikie amefika wapi na amekwama wapi, hata kama hana sura moja iliyokamilika. Tutamsaidia kutafuta mwenyeji wa kumpokea kijijini na mtu wa kumfasiria Kipokomo au Kiorma. Mswada ukija tutausomesha kwa wasomaji wawili, mmoja wa kila upande wa mto, kabla ya mhariri kuugusa. Wachapishaji wa Mombasa na Nairobi wanaotulalamikia kwamba pwani hailetei riwaya za kutosha, tunawaomba wafikirie kumlipa mwandishi nauli ya miaka mitatu ya kwenda na kurudi kabla hawajamuuliza idadi ya kurasa.

Katika toleo hili mtakuta sura ya kwanza ya riwaya ya Hola inayoandikwa na mwalimu mmoja wa huku. Sura ya pili na ya tatu alitupatia, kisha akazichukua tena, kwa kuwa kuna bibi mmoja mtaa wa juu ambaye hajamaliza kuzungumza naye. Tumemwachia azichukue.