Kioo Gani Kinafaa Darasa la Madrasa?



Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Saza, hoja iliyotuchukulia muda mrefu ilikuwa madirisha ya darasa jipya la madrasa. Kuta zimefika kwenye linta. Mzee mmoja alipendekeza kioo cheusi katika fremu za aluminiamu, mithili ya ofisi za Tunduma. Mwingine alitaka louva za kioo cheupe. Wote walikuwa na nia njema. Lakini fedha hizo ni amana ya waumini, na amana haiamuliwi kwa kupendeza macho.

Tuanze na mahali. Tunduma na Vwawa ziko nyanda za juu, na baridi ya Juni huko inajulikana. Sisi tuko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, penye joto. Dirisha linalomsitiri mtoto wa Vwawa laweza kumtesa mtoto wa Saza.

Kioo cheupe cha kawaida hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Jua likishaingia hupasha sakafu na madawati, na joto hilo halirudi nje kwa urahisi kupitia kioo. Ndiyo sababu gari lililofungwa vioo juani hugeuka tanuri. Kioo cheusi hupunguza jua, lakini hupunguza mwanga pia. Mtoto akishindwa kuona msahafu, tutawasha taa mchana. Vioo viwili vyenye nafasi ya hewa kati yake, vitumikavyo sana Ulaya, hufaa chumba kilichofungwa chenye hita au kiyoyozi. Darasa letu hutegemea upepo, na dirisha likifunguliwa faida hiyo hutoweka.

Tena, dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, ilhali louva hufunguka karibu lote. Kweli, louva huingiza vumbi na huvunjika; kwa hiyo tutaweka nondo na wavu.

Hata hivyo, lililo kubwa kuliko kioo ni mwelekeo. Jua la asubuhi na la alasiri huwa chini, likipiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Kibla chetu huku kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Basi ukuta wa kibla na ule unaoukabili ndio wenye kustahili madirisha, chini ya paa lililotokeza kuyapa kivuli.

Darasa letu lina nafasi mbili za madirisha upande wa magharibi. Nilipendekeza tuzizibe kwa matofali, na fedha ya vioo vyake iende kwenye dari, kwani bati tupu huwashushia watoto joto jingi. Kamati ilikubali, na mzee wa kioo cheusi ndiye aliyejitolea matofali.

Msomaji, kabla hamjamwita fundi kwenye madrasa yenu, simameni darasani baada ya Adhuhuri, mkae humo mpaka Alasiri. Hapo mtajua watoto wanahitaji nini.

Wabillahi tawfiq.