Umeme Unaolipiwa Hewa

Mwenye kiwanda cha kugandisha samaki apokeapo hati ya umeme mwishoni mwa mwezi, aghalabu huanza kwa kulalamikia bei, kisha hulaumu joto la msimu, na hatimaye huagiza kompresa nyingine iliyo kubwa zaidi. Ilhali yamkini sehemu ya fedha zile imekwenda kulipia kazi ya kusukuma hewa tupu, isiyogandisha hata dagaa mmoja. Rai yangu ni kwamba kuitoa hewa hiyo katika mitambo ya amonia ni faradhi inayostahili kuwekewa saa yake, mtu wake na daftari lake, wala isiachwe kuwa hisani ya fundi apatapo nafasi.

Kwa usawa wa bahari, amonia huchemka penye nyuzi 33 chini ya sifuri. Lakini minofu ya sangara wa Ziwa Victoria hutaka baridi kali zaidi, na mtambo uteremshwapo hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, shinikizo la amonia ndani ya mabomba huwa kama baa 0.7 tu, dogo kuliko la hewa ya nje hata huko Mwanza, ambako mwinuko wa nchi huifanya hewa kuwa hafifu kuliko ya pwani. Hapo kila sili ya shafti iliyochakaa na kila valvu iliyolegea hugeuka mlango: amonia haitoki ikatuonya kwa ukali wa harufu yake, bali hewa ndiyo iingiayo kwa siri, pamoja na unyevu wake. Nyingine huingia mtambo ufunguliwapo kutengenezwa, kisha usifyonzwe sawasawa kabla ya kurudishiwa amonia.

Ikiisha kuingia, husukumwa hadi kwenye kondensa, na huko hukwama, kwa kuwa haigeuki kimiminika wala haina njia ya kupita. Ni mfano wa abiria waliopanda kivuko wakakataa kushuka ng'ambo, safari baada ya safari wakishika nafasi ya wenye haja ya kuvuka. Dalili zake si fumbo. Amonia safi itokapo kwenye kondensa ikiwa na joto la nyuzi 35, shinikizo lake kamili ni kama baa 13.5, basi ikiwa geji, baada ya kujumlishiwa shinikizo la hewa ya nje, yaonyesha 15, na vipimo vyenyewe ni vya kuaminika, ziada ile ni burhani ya hewa. Kompresa hapo yafanya kazi kana kwamba joto ni karibu nyuzi 39, na kwa hesabu ya mafundi kila nyuzi moja inayozidi huongeza umeme wake kwa asilimia 2 hadi 3.

Wako wanaotosheka na mpira uliotumbukizwa katika ndoo: amonia humezwa na maji, na hewa hupanda kwa mapovu. Njia hii hufanya kazi, lakini humweka fundi karibu na gesi inayounguza macho na mapafu, na amonia itokayo nayo hupotea. Bora ni chombo chenye kujiendesha, kinachoupoza mchanganyiko ule mpaka amonia igeuke kimiminika na kurudi mtamboni, kisha kikaiachia hewa iliyobaki; nacho kifunguliwe tundu moja kwa wakati mmoja, maana yakifunguliwa mawili pamoja, lenye shinikizo kubwa humzuia mwenziwe asitoe kitu.

Watasema chombo hicho ni ghali. Lakini kusoma geji na kipimajoto hakuna gharama, na daftari la kila siku ndilo litakalomjulisha mwenye mali kama chombo kitajilipia au la. Wala asijisifu kwamba chombo chake hutoa hewa nyingi, kwa sababu wingi huo ni ithibati ya tundu ambalo halijatafutwa, na kutoa bila ya kuziba ni israfu ya aina nyingine. Kwa hiyo mudiri wa kiwanda, kabla ya kutia saini ya kununua kompresa mpya, na aitishe kwanza tarakimu mbili, joto la kimiminika na shinikizo la kondensa. Na fundi asiyeweza kumpa apewe vipimo na mafunzo kabla ya kupewa lawama.