Mastaa na Chupa za 'Kusafisha Damu': Kwani Tikiti Sokoni Limeisha?

Joto la Dar likikolea, mastaa nao hawakosi cha kutangaza. Sasa yupo msanii mmoja wa kike, jina kapuni, anayeposti chupa ya juisi ya tikiti na mnanaa akidai inasafisha damu na kukata kitambi. Jamani! Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, na vinaifanya bure.

Juisi yenyewe tamu, hakuna ubishi. Ila tikiti zaidi ya asilimia 90 ni maji, kwa hiyo halidai maji wala sukari. Toa mbegu, saga, kamulia ndimu. Mnanaa usiutie kwenye blenda, utaleta uchungu; uponde kidogo kwa mwiko, harufu ikitoka umwagie juisi. Barafu gandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, maana ile ya kununua hujui imetoka bomba gani.

Kinachokera ni binti anayekaa siku tatu bila kula, anashindia chupa hizo hadi kizunguzungu, eti kisa staa kasema. Mwenzake analipwa kuishika tu. Jioni yuko zake na chipsi kuku.