Shoki ya bei ghali haitakuokoa

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata ili niseme jambo linalonikera kuhusu sisi tunaopanda pikipiki za vumbini. Tuna ugonjwa wa kununua shoki za bei ghali kabla ya kujua kasoro ya zile tulizo nazo. Nasema "sisi" kwa sababu niliugua ugonjwa huo na ulinivunja mkono.

Mwaka 2019 nilinunua shoki ya nyuma iliyonigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja. Muuzaji hakuniuliza nina kilo ngapi wala nabeba mizigo gani. Alisema tu kwamba hiyo ndiyo wanayotumia mabingwa. Rafiki yangu akanipa idadi ya kliki anazotumia yeye, nami nikazungusha skrubu vivyo hivyo bila kufikiri. Siku ya pili ya safari ya Loiyangalani, kwenye barabara ya mawimbi, sehemu ya nyuma ilianza kurushwa huku na huku. Nilianguka, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kwa wiki sita nilichapa programu kwa mkono mmoja.

Je, shoki ilikuwa mbovu? La. Ilikuwa nzuri sana, ila haikuwa yangu. Springi yake ilikuwa ya mtu wa kilo 75 hivi. Mimi, pamoja na helmeti, buti, maji, spana na mizigo, nilikuwa kilo 125.

Tuelewane kuhusu kazi ya kila kitu. Springi hubeba uzito. Oili inayopita kwenye vali ndani ya shoki huzuia mwendo wa springi na kugeuza nguvu zake kuwa joto. Hizo ni kazi mbili tofauti. Springi ikiwa laini kuliko uzito wako, hakuna kliki itakayoirekebisha. Ukikaza kompresheni ili kufidia, pikipiki itakuwa ngumu kwenye vijiwe vidogo na bado itagonga mwisho kwenye shimo kubwa. Ukikaza ribaundi kupita kiasi, kama nilivyofanya, shoki huchelewa kurudi. Kwenye mawimbi hukutana na tuta la pili kabla haijanyooka, na la tatu ikiwa imebonyea zaidi. Mwishowe haina nafasi ya kubonyea tena, na kila tuta linapiga mgongo wako moja kwa moja.

Wengine watasema: "Si ukaze tu ile nati ya juu ya springi?" Hapana. Kukaza nati hiyo, yaani prilodi, huinua pikipiki lakini hakuongezi ugumu wa springi ya kawaida. Springi ya 60 N/mm inabaki 60 N/mm hata ukiikaza mpaka nyuzi ziishe.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua utepe wa kupimia na rafiki wawili:

1. Inua pikipiki gurudumu la nyuma liwe hewani. Pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye madigadi, juu yake.
2. Ishushe chini bila mtu, upime tena. Tofauti ni mbonyeo wa pikipiki yenyewe.
3. Ikalie ukiwa na nguo zako zote za safari na mizigo, upime mara ya tatu. Tofauti na kipimo cha kwanza ni mbonyeo wako.

Kwa pikipiki ambayo gurudumu lake husafiri milimita 300, mbonyeo wako uwe karibu milimita 100, yaani theluthi moja. Rekebisha prilodi mpaka ufike hapo, kisha rudia kipimo cha pili. Kiwe kama milimita 30 hadi 40. Ikiwa pikipiki peke yake haibonyei karibu chochote, springi ni laini mno, ndiyo maana umelazimika kuikaza sana. Ikibonyea kupita kiasi, springi ni ngumu mno. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Springi sahihi ikishapatikana, ndipo uguse kliki. Zungusha skrubu taratibu kuelekea kulia mpaka ikome, ukihesabu, uandike, kisha uirudishe. Badilisha kitu kimoja tu, kliki mbili kwa wakati, kwenye kipande kilekile cha barabara. Waandishi wa programu tunalijua hili: ukibadilisha mistari mitano kwa pamoja na programu ikafanya kazi, hujui ni upi ulioponya. Na kunakili kliki za mwenzako ni kama kunakili mipangilio ya seva ya mtu mwingine. Uzito wake si wako, na njia yake si yako.

Sisemi shoki za madukani ni utapeli. Kama ya kiwandani haifunguki kufanyiwa matengenezo, haina marekebisho yoyote, au oili yake hupata joto na kulegea baada ya saa moja ya mawimbi, nunua nyingine. Yenye tangi la pembeni hubeba oili zaidi na hupoa vizuri. Lakini muuzaji asiyeuliza uzito wako kabla ya kutaja bei, muage kwa heshima uende zako.

Mimi nilibadilisha springi peke yake, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile shoki, nikafungua ribaundi kliki nne. Mwaka uliofuata nilipita barabara ileile nikarudi nyumbani na mikono yote miwili mizima. Pimeni kwanza, jamani.