Mfinyanzi Hulia Gaeni

Wako wasomi ambao wakionyeshwa kinyago cha mpingo huvua kofia, na wakionyeshwa chungu huuliza bei. Kinyago wamekiita sanaa. Chungu wamekiita kazi ya jikoni. Mpaka huo hakuuchora mfinyanzi.

Dodoma ni nchi ya ukame. Mvua ya mwaka, kwa wastani, haifiki milimita 600. Huko mtungi si pambo. Hutoka jasho, na jasho likikauka maji ya ndani hupoa. Mwanamke aufinyangaye hana gurudumu. Huuponda udongo, huutia mchanga au vigae vilivyosagwa usije ukapasuka motoni, hupandisha ukuta kwa vidole, husugua kwa jiwe laini, kisha huuchoma peupe. Upepo ukigeuka, kazi ya siku nyingi imepotea. Nani athubutuye kusema kwamba hapo hapana hesabu wala umbo lililofikiriwa?

Wala udongo haukukosa sanamu. Mwaka 1956 Hans Cory alitoa kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumiwa katika jando na unyago wa Tanganyika. Zilikuwa na nyimbo zake na mafunzo yake: udongo ulisomesha kabla ya ubao.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja ya zamani, Nigeria, akajifunza penye wafinyanzi kama Ladi Kwali. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono, pasipo gurudumu, vikasuguliwa hadi ving'ae. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame, naye alistahili. Lakini chungu cha Ugogo kikiwekwa katika makumbusho, aghalabu kibandiko husema "Wagogo" basi, kana kwamba kabila zima liliketi likafinyanga kwa mkono mmoja!

Methali yasema mfinyanzi hulia gaeni, na wasomi hao huicheka kana kwamba kosa ni lake. Vyombo vizima amewapa wengine: vya maji, vya mboga, vya pombe ya mtama wakati wa sherehe, na mkono wake amewarithisha mabinti na majirani bila ada. Sasa ndoo ya plastiki imeingia nyumbani, na mafundi wazee wanakufa pamoja na maarifa yao.

Kinachodaiwa si hisani. Liandikwe jina la mfinyanzi, la kijiji chake, na mwaka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 juu ya udongo huohuo. Kutoka darasani hadi kwa mfinyanzi si safari ya kuombea fedha ng'ambo.